Chemchemi za Uvumi Zilizoishia Kisangani

Mchezo wa kompyuta wa Sid Meier's Colonization ulitoka mwaka 1994, na kwenye ramani yake kuna miraba yenye alama ya uvumi wa mji uliopotea. Mchezaji humtuma mpelelezi wake aingie humo kubahatisha. Huenda akatoka na hazina ya Miji Saba ya Cibola, huenda akaiona Chemchemi ya Ujana, huenda akakuta ni porojo tupu. Yuko pia anayeingia asionekane tena, na yuko anayekanyaga makaburi ya wenyeji akaamsha vita. Michezo iliyofuata ililegeza masharti hayo. Katika Civilization V ya mwaka 2010, taifa la kwanza kuiona El Dorado hujaziwa dhahabu 500 papo hapo, na hakuna anayepotea wala anayekasirika. Mwaka 2015 Europa Universalis IV nayo ikapata nyongeza nzima iliyobatizwa El Dorado, ambamo majemadari hutumwa kuisaka ile miji saba.

Karibu hadithi zote hizo ni za Amerika. Afrika ikikumbukwa hupewa Migodi ya Mfalme Sulemani, yaani riwaya ya Rider Haggard ya mwaka 1885, basi. Lakini bara letu lilikuwa na mahali pake pa kubuni, tena pakubwa kuliko El Dorado: bahari nzima isiyokuwepo, chemchemi zisizo na kina, milima iliyolisha mto wa Mafarao. Hayo hayakukaa katika vitabu vya hadithi peke yake. Yalichorwa kwenye ramani za wataalamu, yakatengewa fedha na vyama vya kisayansi, yakatumiwa misafara, yakaua watu. Mbio za kuyatafuta ziliishia kwenye maporomoko yetu ya Boyoma, Januari 1877. Mtunga mchezo anayetaka kuongeza mahali pa uvumi katika Afrika ya kati angefanya vyema kuanza hapa Kisangani, kisha arudi nyuma kuuliza kila uvumi ulitoka kinywani mwa nani na ulichorwa na nani.

Habari ya kwanza ilitoka pwani. Katika karne ya 2, Ptolemy wa Aleksandria, akimfuata mwanajiografia Marinus wa Tiro, aliandika kwamba mfanyabiashara mmoja aitwaye Diogenes, akirudi kutoka India, alisukumwa na upepo kuelekea kusini hadi karibu na Rhapta. Kutokana na habari za aina hiyo yakaingia kwenye ramani maziwa mawili yanayoutoa mto Nile, na nyuma yake Milima ya Mwezi ambayo theluji yake huyajaza maziwa hayo. Rhapta yenyewe ilikuwa bandari kweli. Kitabu cha mabaharia cha karne ya 1 kinaitaja pamoja na pembe za ndovu na mitumbwi yake iliyoshonwa kwa kamba, na Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ametumia miaka mingi akiitafuta kwenye delta ya Rufiji na kisiwani Mafia. Mji uliopotea wa pwani yetu basi ni mji uliokuwepo, wenye wafanyabiashara na ushuru, na sijaona mchezo unaoujali. Milima ya Mwezi ilipata bahati zaidi. Wachoraji waliinakili kwa miaka zaidi ya elfu moja na mia tano, kila mmoja akimwamini mwenzake. Mwaka 1749 Mfaransa d'Anville aliyafuta mambo mengi yasiyo na ushahidi na kuliacha bara karibu jeupe katikati. Wachezaji wa leo huzoea kuanza na ramani yenye giza. Watu wa Ulaya walianza na ramani iliyojaa picha, na ilibidi mtu awe na ujasiri wa kuipangusa.

Weupe huo haukudumu. Mwaka 1854 mmisionari Mjerumani, Jakob Erhardt, alikuwa Tanga akiwahoji wenye misafara. Waliotokea upande wa Kilwa walimwambia kwamba ukienda bara siku nyingi utafika kwenye maji makubwa. Waliokwenda kwa njia ya Unyamwezi walisema hivyo hivyo: maji makubwa. Waliopanda kutokea kaskazini, maji makubwa tena. Erhardt na mwenzake Johannes Rebmann, yule aliyeuona Kilimanjaro mwaka 1848 na kubishiwa na wazee wa London kuhusu theluji yake, wakaketi na kuunganisha majibu. Matokeo yake yalikuwa bahari moja ndefu, kutoka karibu na ikweta hadi kusini mwa nyuzi 13, imechorwa kama konokono asiye na gamba. Waliiita Bahari ya Uniamesi. Ramani ilipochapishwa mwaka 1855 na kusambaa mwaka uliofuata, Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilicheka, kikabishana, kisha kikatoa fedha. Richard Burton na John Speke wakapelekwa. Februari 1858 walifika Ujiji na kukuta Tanganyika. Agosti 3 mwaka huo huo, Speke akiwa peke yake aliona ncha ya kusini ya Nyanza. Konokono akakatika vipande.

Ukisoma mambo haya polepole utaona kwamba hakuna aliyedanganya. Wa Kilwa alisema kweli, maana mbele yake kuna Nyasa. Wa Unyamwezi alisema kweli, kuna Tanganyika. Wa kaskazini naye alisema kweli, kuna Nyanza. Kosa lilizaliwa mezani, kwa mtu aliyeshika kalamu na kudhani kwamba maji matatu ni maji mamoja. Michezo ya kompyuta huuweka uvumi kama ndoo ya bahati nasibu, ama ukweli ama uongo, na mwenye kauli hana jina. Historia ya ramani za kwetu inaonyesha kitu kingine: mahali pa kubuni hujengwa kwa matofali ya kweli.

Mfano mkubwa kuliko wote ni ule wa David Livingstone. Mgiriki Herodotus, karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika kwamba mwandishi wa hazina ya hekalu huko Sais, Misri, alimwambia kuna milima miwili, Krofi na Mofi, na katikati yake chemchemi zisizo na kina. Nusu ya maji yake huenda kaskazini Misri, nusu huenda kusini. Herodotus mwenyewe aliona kama mzee yule anamtania. Livingstone, aliyeondoka Zanzibar Machi 1866 kwa mara ya mwisho, hakuona utani. Aliamini Speke amekosea, na kwamba Nile huanza mbali zaidi kusini, kwenye maji ya Bangweulu, kisha hupita kwa jina la Lualaba kwenda kaskazini. Njiani wasafiri na wafanyabiashara walimpa habari iliyomtetemesha: huko upande wa Katanga kuna kilima, na karibu na kilima hicho kuna vyanzo vinne vya mito mikubwa, miwili ikielekea kaskazini na miwili kusini.

Chukua ramani ya leo uangalie mpaka wa Kongo na Zambia. Zambezi huanza kwenye pembe ya Mwinilunga, hatua chache kutoka mpaka. Kafue huanza kwenye mpaka huo huo, mashariki zaidi. Lualaba huanza upande wa kaskazini wa mgongo ule ule wa ardhi, na mito yake ya kando pia. Mvua inayonyesha kijiji kimoja huenda Bahari ya Hindi, na ile ya kijiji jirani huenda Atlantiki. Waliomwambia Livingstone habari ya mito kugawana mgongo walikuwa wanajua nchi yao barabara. Yeye ndiye aliyeichukua habari ya Katanga akaishona na ya Sais, miaka elfu mbili na mia tatu katikati, akapata chemchemi za Herodotus. Akaanza hata kuzipa majina ya rafiki zake Waingereza kabla ya kuziona. Ziwa moja alilolisikia tu akaliita Lincoln. Katika orodha yake ya mahali pa kutembelea aliongeza nyumba za chini ya ardhi alizosimuliwa kuwa ziko nchi ya Warua. Ni mtu aliyekuwa na mchezo wake mwenyewe kichwani, miraba minne ya uvumi, na alikuwa amekwisha kujaza zawadi.

Mwisho wa Machi 1871 alifika Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba, leo mkoa wa Maniema. Alikuwa mgonjwa, meno yameng'oka, karatasi zimekwisha. Aliandika juu ya kurasa za gazeti la zamani la London, akizigeuza upande na kukatiza maandishi ya chapa kwa wino alioukamua kwenye mbegu za mmea wa hapo. Alichohitaji ni mitumbwi tu. Ashuke na mto aone kama unaingia Misri. Hakupata. Wenye mto waliwaona wageni wa Nyangwe wakivuka na bunduki na kurudi na watumwa, na hawakuwa na sababu ya kumtofautisha mzee mmoja mweupe na wale aliokuwa akiishi nao. Alikaa zaidi ya miezi mitatu akibembeleza. Alimwahidi Dugumbe bin Habib, mkubwa wa misafara aliyefika baadaye, dola 2,000 na mali zake zote za Ujiji ili apewe watu. Dugumbe hakukubali.

Julai 15 ilikuwa siku ya soko. Nyangwe ilikuwa na soko kubwa lililowakusanya wanawake kutoka ng'ambo zote, wakiwa na samaki, mihogo, mafuta ya mawese, vyungu, kuku. Watu wa Dugumbe waliingia sokoni na bunduki, jambo lisilo la kawaida, wakaanza kufyatua. Wengi walikufa majini, mitumbwi ikikwama kwa uzito na wengine wakiogelea kuelekea kisiwa kilicho mbali mno. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400, na hawakuwa na sababu ya kuzidisha. Livingstone alitazama. Kwa miaka karibu 140 watu walisoma kisa hicho katika kitabu kilichohaririwa baada ya kifo chake. Mwaka 2011 watafiti walioongozwa na Adrian Wisnicki walizipiga zile kurasa za gazeti picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, maandishi yaliyofifia yakasomeka, na ikaonekana kwamba shajara ya siku zenyewe inatofautiana na kitabu, hasa kuhusu tabia ya watu wake mwenyewe waliokuwa pale.

Baada ya siku hiyo hakukuwa tena na habari ya mitumbwi. Livingstone aligeuka akarudi Ujiji, na huko ndiko Henry Stanley alikomkuta baadaye mwaka huo. Hakuacha kuzitafuta chemchemi zake. Mei 1, 1873, alifariki katika kijiji cha Chitambo, kwenye vinamasi vya Bangweulu, akiwa amerudi kuzizunguka kwa upande wa kusini. Watumishi wake Chuma na Susi na wenzao wakaubeba mwili hadi pwani, kazi iliyozidi uvumbuzi wowote wa mwenye mwili huo. Nikirudi kwenye mchezo wa 1994, ule wa mpelelezi anayepotea na makaburi yanayoamsha vita, watunzi wake walikuwa karibu na ukweli kuliko waliowafuata. Mraba wa uvumi wa Nyangwe uliwagharimu kwanza watu ambao hawakuwa wanatafuta kitu, watu waliokuja kuuza mawese.

Aliyefuata alikuwa mwanamaji Mwingereza, Verney Lovett Cameron, aliyefika Nyangwe Agosti 1874. Naye alinyimwa mitumbwi. Lakini alikuwa na vifaa vya kupimia kimo cha nchi, na kwa vipimo hivyo aligundua kwamba Lualaba pale Nyangwe uko chini kuliko Nile ilivyo Gondokoro, katika Sudan Kusini ya leo, mamia ya kilomita kaskazini. Maji hayapandi mlima. Kwa hesabu hiyo Nile iliondoka kwenye mjadala, na Cameron alishuku kwamba huo ni Kongo. Hata hivyo aligeukia kusini magharibi akatokea Benguela, na hesabu isiyotembelewa kwa miguu haikuwaridhisha watu wa magazeti.

Stanley alirudi. Oktoba 1876 alikuwa Nyangwe na mashua ya vipande iitwayo Lady Alice, akiwa bado anaona njia tatu zinawezekana: Nile, Niger, au Kongo. Tofauti yake na waliomtangulia ni kwamba hakuomba mitumbwi kwa wema. Alifanya mkataba na Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Tippu Tip, bwana wa Kasongo na njia zake. Stanley anaandika kwamba waliafikiana dola 5,000 kwa siku 60 za mwendo. Tippu Tip katika kumbukumbu zake za Kiswahili, zilizochapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, anataja fedha zaidi, na anasimulia safari nzima kwa utulivu wa mtu aliyeona wageni wengi. Wasomaji wa Kiswahili wana bahati hapa. Katika historia yote ya uvumbuzi wa Afrika, ni nadra kumpata mwenyeji wa njia akisimulia safari ile ile kwa lugha yake, na ukisoma vitabu hivyo viwili pamoja unapata picha ya Stanley akihangaika na ya mwenzake akihesabu gharama. Msitu ulipozidi na ndui ikaingia msafarani, Tippu Tip alimsindikiza hadi mwisho wa Desemba akageuka. Mkataba haukukamilika, na kila mmoja alikuwa na maelezo yake.

Mwanzoni mwa Januari 1877 msafara ulisikia ngurumo ya poromoko la kwanza. Kati ya Ubundu na Kisangani mto hushuka mita 60 hivi kwa mapigo saba yaliyotawanyika zaidi ya kilomita 100. Hakuna hata moja lililo refu, ila ujazo wa maji yanayopita hapo ni miongoni mwa mikubwa kabisa duniani. Stanley na watu wake, wengi wao Wangwana wa Zanzibar, walifyeka njia msituni na kuburuta mitumbwi nchi kavu, mchana na usiku, huku wakipigana na wenye visiwa. Shahidi mkuu wa maandishi wa siku hizo ni Stanley mwenyewe, naye alikuwa na kitabu cha kuuza. Kila upinde ulioinuliwa kumlinda mtu na nyumba yake kwake ni ushenzi. Wagenia, wavuvi wa maporomoko hayo, walikuwa na mawazo yao kuhusu watu wanaoshuka kutoka Nyangwe na bunduki. Januari 28 poromoko la saba lilikuwa nyuma yao.

Hapo ndipo mambo yalipokwisha. Baada ya maporomoko mto uliendelea kidogo kaskazini, kisha ukaanza kupinda magharibi. Februari, huko Rubunga, wenyeji walipoulizwa jina la mto walijibu Ikutu ya Kongo. Siku hiyo chemchemi za Herodotus, Nile ya Livingstone na mawazo ya Niger vilifutika pamoja, kwa jibu la mtu aliyeulizwa jina la mto anaokunywa. Agosti 9, 1877, waliobaki hai walifika Boma. Wenzake watatu Wazungu walikuwa wamekufa, na Waswahili waliokufa ni wengi mno kuliko nafasi waliyopewa kitabuni.

Ajabu ni kwamba mahali hapa palipoua hadithi moja pakageuzwa haraka kuwa hadithi nyingine. Desemba 1883 Stanley, sasa akimtumikia Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, aliacha kituo kwenye kisiwa karibu na poromoko la saba chini ya mhandisi Mskoti, Binnie. Mwaka 1886 kituo kilishambuliwa na watu wa Tippu Tip kikaachwa. Februari 1887, Zanzibar, Stanley alimwajiri Tippu Tip huyo huyo kuwa wali wa Maporomoko kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo, mshahara pauni 30 kwa mwezi. Kwa hiyo mwishoni mwa miaka ya 1880 Kisangani kilikuwa mji wa biashara wa Kiswahili: kanzu, mashamba ya mpunga, ghala za pembe, mitumbwi ya Wagenia ikivusha watu kwa malipo, na Kingwana ndiyo lugha ya soko. Mji huo haukuwa mpole. Pembe zilitembea na watumwa, na Wakumu na Wambole waliujua ukali wake. Lakini ulikuwa mji.

Septemba 1, 1890, stima Roi des Belges ilifika hapa ikiwa na Joseph Conrad. Ilikuja kumchukua wakala wa kampuni, Georges Antoine Klein, aliyekuwa mgonjwa na akafa njiani wakirudi. Miaka tisa baadaye Conrad alichapisha Heart of Darkness, na mwisho wa mto ndani ya kitabu hicho ni nyumba moja iliyochakaa, imezungukwa na msitu na vichwa juu ya miti, na mtu aliyepotelewa na akili. Kitabu hakiutaji Kongo wala Maporomoko kwa jina. Wasomaji walitaja wenyewe. Ghala za mpunga hazimo, wala wali Rashid bin Muhammad, mpwa wa Tippu Tip aliyeshika nafasi yake mwaka huo, wala bei ya kuvushwa. Mji wenye watu umepanguswa na mahali pa kubuni pamechorwa juu yake, kinyume kabisa cha alichofanya d'Anville. Mwaka 1893 majeshi ya Dola Huru yaliuteka mji wa Waswahili, na baadaye Stanleyville ikajengwa kana kwamba hapakuwa na kitu. Jina Kisangani lilirudi rasmi mwaka 1966.

Kuanzia Conrad mlango ulikuwa wazi. Mwaka 1980 Mmarekani Michael Crichton alitoa riwaya yake Congo, ambamo kuna mji wa kale uitwao Zinj umefichika msituni, karibu na Virunga, ukilinda almasi za buluu. Al-Masudi na wenzake wa karne ya 10 walitumia jina hilo kwa nchi ya pwani, yenye bandari na mfalme. Crichton alilichukua akalisafirisha kilomita zaidi ya elfu moja kwenda bara na kulizika chini ya miti, pasipo mtu mwenye haki ya kuulizwa. Tena mwaka 1901, mashariki mwa Kisangani, msitu wa Ituri ulikuwa umewapa Wazungu somo la kinyume: mnyama waliyemdhania ngano, ambaye Wambuti walimwinda na kumla siku zote, alipatikana kuwa okapi halisi.

Julai 2013 nyongeza ya Civilization V iitwayo Brave New World iliweka Ziwa Victoria na Kilimanjaro kwenye orodha ya maajabu, na Migodi ya Mfalme Sulemani pia. Ndani yake kuna hadithi maalumu ya kugombea Afrika. Pwani ya bara imechorwa vizuri. Sehemu ya ndani hupangwa upya kwa bahati nasibu kila mchezo unapoanza, ili mchezaji asijue atakuta nini. Kati ya mataifa ya kuchezwa Ubelgiji imo. Zanzibar haimo. Nimeelewa nia ya watunzi: walitaka kurudisha msisimko wa kutojua. Ila msisimko huo ni wa upande mmoja. Katika ramani hiyo Lualaba unaweza kweli kuingia Misri, Jumanne, na Jumatano ukaingia Atlantiki. Watu wa Nyangwe, wa Rubunga na wa poromoko la saba wameondolewa kazi yao ya kujua, na Livingstone amepewa haki baada ya kifo.

Wachezaji siku hizi huongeza wenyewe miraba yao ya maajabu na kuwagawia wengine, na kwa hao ninalo pendekezo. Wacha mito mahali pake. Uvumi uje kwa vipande, kila kipande kikiwa na jina la mwenye kauli na njia aliyopita: wa Kilwa, wa Unyamwezi, wa Katanga. Mchezaji ndiye aviunganishe, na akiunganisha vibaya ramani ichore konokono wake bila kumwonya, ikubali fedha zake, ipeleke msafara wake. Chemchemi za Herodotus ziwemo kwenye orodha, ziwe na maelezo mazuri na picha, na zisipatikane kamwe. Mwenye kuzitafuta akishafika Nyangwe aombe mitumbwi, na jibu litegemee bunduki zilizotangulia kuvuka.

Boyoma iwe mraba usiohama. Isitoe dhahabu. Itoe samaki kwa Wagenia, ambao mitego yao ya vikapu huning'inia kwenye majukwaa ya miti katikati ya maji, na anayetaka kupita alipe kuvushwa au achukue mitumbwi begani. Atakayekataa yote mawili asubiri hadi mwaka 1906, wakati reli ya kilomita 125 hivi kutoka Stanleyville hadi Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo, ilipofunguliwa, na hata hapo atashuka melini na mizigo yake, apande treni, ashuke tena, apande meli ya pili.